Wino wa mhuri kwenye kadi za mkono umegoma kukauka tangu mvua zishike. Kosa ni la wino, karatasi au hali ya hewa ya Mbeya?

#1 KadiZaUyole

Wakuu, habari za jioni.

Natengeneza kadi za mkono hapa Uyole, huu mwaka wa tatu. Za sendofu, kipaimara, mahafali, siku ya kuzaliwa. Nakata manila, nabandika kipande cha karatasi ya maua mbele, kisha nagonga mhuri wa mpira: ua, njiwa wawili, au maneno "Karibu Tufurahi Pamoja". Mihuri yangu yote ni ile ya kishikio cha mti, nilichongesha hapahapa mjini.

Oktoba nilifanya kadi 80 bila shida yoyote. Nagonga, nahesabu hadi mia, naiweka juu ya mwenzake. Juzi nikapata oda ya kadi 120 za sendofu. Pedi ileile, rangi ileile ya kijani. Nimegonga jioni, nikazitandaza mezani zikalala hapo usiku kucha. Asubuhi nikaona zimekaa vizuri, nikazifunga kumikumi. Kufungua bunda la kwanza, mgongo wa kila kadi una kivuli cha ua la kadi iliyokuwa chini yake, petali zote tano unazihesabu. Njiwa wamekuwa wingu. Nikipitisha kidole, kijani kinakuja na kidole.

Kadi 43 zimeharibika. Shughuli ni Jumamosi ya wiki ijayo, na malipo ya awali nimeshanunulia karatasi. Mama mwenye shughuli sijamwambia bado. Aliyewahi kupitia hili anisaidie, nataka kujua chanzo kabla sijagusa karatasi nyingine.

#2 MzeeWaSteshenari

Pole sana binti. Mimi nimeuza karatasi Mwanjelwa miaka mingi, na wanaorudi kulalamika wino karibu wote shida yao ni karatasi. Siku hizi manila zinazoletwa nyingi zina upande unaong'aa. Zile za zamani zilikuwa na vinyweleo ukizipapasa, zinanywa wino kama ardhi ya kiangazi. Chukua tone la maji, liweke juu ya kipande kimoja, uangalie saa. Likizama, karatasi yako ni nzima. Likisimama kama shanga, hapo umepata jibu.

#3 Loleza_Chini

Mzee hapo juu namheshimu, ila hii ni mvua tu. Mimi nimefua shuka Jumapili, leo Jumatano bado lina ubichi kwenye pindo. Shuka halikauki siku tatu, wino utakauka kwa nini? Angoje mwezi wa sita, jua la baridi litakausha kila kitu.

#4 MtotoWaForest

Mugonile ndugu zangu. Nimezaliwa Forest, sasa naishi Dar na huku nako nafanya kadi. Hoja ya unyevu siikubali. Dar hewa ina unyevu mwingi kuliko Mbeya karibu mwaka mzima, chumvi tu kwenye kopo inaloa. Na mihuri yangu inakauka. Kama unyevu ndio mchawi, huku pwani hakuna ambaye angegonga mhuri hata kwenye risiti.

#5 FundiMhuri

Nachonga mihuri, kwa hiyo niruhusuni nieleze kwa kirefu kidogo.

Wino wa pedi umetengenezwa USIKAUKE. Fikirini: pedi inakaa wazi mezani kwa karani kutwa nzima, na kesho yake bado ina wino. Kinachoifanya hivyo ni gliserini au ndugu zake, vimiminika vinavyovuta maji kutoka hewani. Ndiyo maana gliserini inapakwa hata kwenye ngozi. Kwa hiyo mhuri ukigongwa, wino hausubiri hewa iuondoe. Unanyonywa na nyuzi za karatasi, rangi inakamatwa humo ndani, sisi tunasema "umekauka". Karatasi ikikataa kunywa, wino unabaki juu, na hewa ikiwa na maji gliserini inazidi kuyavuta. Utakaa hivyo wiki.

Ndiyo maana MtotoWaForest yuko sawa na hayuko sawa. Unyevu wa Dar upo, ila karatasi yako inakunywa. Ukipeleka wino huohuo kwenye karatasi inayong'aa, hata Dodoma kwenyewe utapaka.

Swali kwa mwenye uzi: ile pedi umewahi kuiongezea wino tangu Oktoba? Wino gani?

#6 KadiZaUyole

Asanteni. Mzee, nimefanya ya tone. Kwenye manila ya sasa limesimama nikapika chai, nikanywa, nikarudi, bado lipo. Kwenye kipande cha manila cha mwaka jana limezama kabla sijahesabu ishirini.

FundiMhuri, ndiyo. Baada ya Krismasi pedi ilikauka nikaongezea chupa mpya, ya kijani pia lakini si kampuni ileile. Ni mzito kidogo, ukiinamisha chupa unashuka taratibu. Kwa hiyo vimebadilika viwili kwa pamoja, na mvua ya tatu.

#7 Mwl_Kihesa

Kamwene. Niongeze la fizikia. Mbeya mjini mko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kanieneo ya hewa ni ndogo, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Maana yake kimiminika huku juu kinaruka kwa urahisi zaidi kuliko pwani. Kwa hesabu hiyo wino wa Uyole ulitakiwa ukauke haraka kuliko wa Dar. Kwa hiyo sababu ya mwinuko tuifute kabisa kwenye orodha.

#8 Loleza_Chini

Mwalimu, maji yanachemka mapema lakini maharage yetu yanakesha jikoni. Hiyo fizikia yako ije na jibu la maharage kwanza, na la shuka langu.

#9 Mwl_Kihesa

Maharage yanachelewa kwa sababu hiyohiyo, maji yakichemka kwa joto dogo hayaivishi haraka. La shuka nakubali: hewa ya baridi iliyokwisha kujaa maji haina nafasi ya kupokea mengine. Sasa tukirudi kwa wino, FundiMhuri amesema hautegemei kuruka, unategemea kunywewa. Akiwa sahihi, basi baridi na mwinuko vyote vinatoka kwenye kesi. Mimi bado nadhani baridi ina sehemu yake, maana kimiminika kizito kikipoa kinazidi uzito na kupenya kwake kwenye karatasi kunapungua. Asali mnaijua asubuhi ya Julai.

#10 BintiTukuyu

Nyie wa mjini mnalia mvua, njooni Tukuyu.

Mimi niliacha wino wa pedi kabisa. Mihuri yangu naichonga kwenye soli ya kandambili iliyochakaa. Unachora ua kwa kalamu, unakata kwa wembe mpya, unaondoa pembeni pole pole kama unamenya embe, unabandika kwenye kibao. Rangi natumia ya maji ya akriliki: naweka kijiko kimoja kwenye sahani, naigonga kwa kipande cha sponji ya godoro hadi sponji iwe na ngozi nyembamba tu ya rangi, halafu sponji ndiyo inapaka mhuri. Usichovye mhuri kwenye rangi, michoro midogo itaziba. Akriliki ikikauka inakuwa kama plastiki, haitoki hata ukimwagia maji. Ubaya wake ni kwamba ikikaukia kwenye mhuri ndiyo basi, kwa hiyo naosha kila baada ya kadi kumi.

Karatasi ya maua sinunui. Nabandika maganda makavu ya mgomba, yale ya kahawia yenye mistari, nayapiga pasi kwanza chini ya kitambaa. Kila kipande kina rangi yake, huwezi kupata kadi mbili zinazofanana.

#11 Iringa_Mshindo

BintiTukuyu umenikumbusha karatasi ya kinyesi cha tembo pale Neema Crafts, Iringa. Walianza miaka ya tisini kama sikosei, na kadi zao wageni wanazibeba sana. Ile karatasi inakunywa wino vizuri mno. Mwenye uzi ajaribu hiyo.

#12 Mwl_Kihesa

Marekebisho: walianza 2003, chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana, na walioanza walikuwa vijana watatu viziwi waliofundishwa kutengeneza karatasi kwa mkono. Tembo humeng'enya chini ya nusu ya anachokula, ndiyo maana nyuzi zinabaki nzima kwenye kinyesi, zinaoshwa na kuchemshwa vizuri kabla ya kuwa karatasi. Kazi ya heshima ile, nimewapeleka wanafunzi zaidi ya mara moja.

#13 FundiMhuri

Naongeza kwa Mshindo: inakunywa kweli, ila ina mabonde. Mhuri wenye mistari myembamba utaruka sehemu, njiwa atakosa jicho. Karatasi za mkono zinataka mchoro mnene, jani moja kubwa, au mhuri laini kama huo wa kandambili unaoweza kubonyea.

#14 Mkulima_Isyonje

Sisi huku milimani tuna viazi. Shuleni tulikuwa tunakata kiazi nusu, tunachonga nyota, tunapaka rangi, tunagonga kadi za Krismasi za darasa zima. Bure kabisa. Kwa nini dada ahangaike na mpira?

#15 BintiTukuyu

Kaka, kadi 120 kwa kiazi? Kiazi kina maji yake, ukifika kadi ya ishirini rangi imeshafifia na kingo zimelegea. Lazima ukilaze kifudifudi kwenye kitambaa kwanza kimwage maji, na kesho yake kimesinyaa, nyota imekuwa na mikono mirefu na mifupi. Kwa watoto sawa kabisa, wanafurahi. Kwa mteja aliyelipa, hapana.

#16 Makambako_Stendi

Mimi sina la wino. Nina la mkunjo, maana naona hakuna aliyelisema na dada anabadilisha karatasi. Karatasi ina uelekeo wa nyuzi. Ukikunja sambamba na nyuzi, mkunjo unakaa kama kisu. Ukikunja kukatisha nyuzi, mgongo wa kadi unapasuka vipele vyeupe, hasa manila nene ya rangi. Kujua: pinda karatasi kidogo bila kuikunja, kwa urefu kisha kwa upana. Upande unaolainika kirahisi ndio nyuzi zinakolala. Kabla ya kukunja pitisha kalamu iliyokwisha wino pembeni mwa rula ya chuma, bonyeza wastani.

Nilijifunza kwa hasara. Kadi 60 za mahafali, zote zilipasuka mgongo, nikazirudia kwa pesa yangu.

#17 Mpiga_Chapa_Mstaafu

Nilifanya kazi kwenye mashine ya ofseti miaka kumi na minne. Hicho kivuli cha ua mgongoni mwa kadi ya juu tulikijua vizuri sana, kilitufukuzisha usingizi. Dawa yake kiwandani ilikuwa unga laini wa wanga. Mashine inapuliza vumbi lake jepesi juu ya kila karatasi inayotoka, chembe zinafanya kama miguu midogo, karatasi ya juu haigusi wino wa chini. Na hatukuruhusu mrundo mrefu. Uzito ndio unaohamisha wino. Kwa maoni yangu dada alikosea kufunga kumikumi, hata wino ungekuwa bora kiasi gani. Oktoba alikuwa anaweka moja juu ya nyingine bila kufunga, ndiyo tofauti.

Kwa mkono: chukua poda ya mtoto, weka kwenye soksi safi, igonge mara moja juu ya kadi, kisha pangusa kwa brashi laini. Na usitenganishe kadi kwa gazeti, wino wa gazeti nao unahama.

#18 KadiZaUyole

Mzee wangu shikamoo. La kufunga ni kweli, Oktoba nilizipeleka kwenye boksi zimelala tu, hazikufungwa kwa mpira. Sikulifikiria kabisa. Kwa hiyo sasa vimekuwa vinne.

Jirani ameniambia mihuri yenyewe imechoka, niifute kwa petroli itarudi kuwa mipya. Nifanye?

#19 FundiMhuri

USIFANYE. Mpira wa asili ukikutana na petroli au mafuta ya taa unavimba, herufi zinanenepa na haurudi tena. Maji ya vuguvugu, sabuni kidogo, mswaki laini wa zamani, kausha kwa kitambaa. Na usianike juani, jua linapasua mpira. Weka kabatini, uso ukiangalia chini juu ya karatasi safi.

#20 Nyota_ya_Njombe

Huku Njombe baridi ndiyo maisha yetu, na huo wino usiokauka mimi nautafuta kwa hamu. Kuna unga wa kunyanyulia maandishi, rangi ya dhahabu au fedha. Unagonga mhuri, wino ukiwa bado mbichi unamwaga unga juu, unakung'uta unaobaki urudi kwenye kopo, kisha unapasha joto. Unga unayeyuka, ua linanyanyuka, ukilipapasa unasikia petali chini ya kidole. Wino unaokauka haraka haufai kwa kazi hiyo, unga haushiki.

Sina kifaa cha kupulizia joto. Nageuza pasi juu chini, nainua kadi kama vidole viwili juu ya bati lake, mchoro ukiangalia juu, naangalia unga unavyobadilika kutoka kuwa mchanga hadi kung'aa kama maji. Ni sekunde chache. Ukizidisha, karatasi inakuwa ya kahawia.

Dada, kadi ambazo hazijaharibika lakini bado mbichi, zifanyie hivyo. Mama mwenye shughuli atadhani umemwongezea dhahabu.

#21 Loleza_Chini

Haya yote kwa kadi ambayo mtu atapigwa picha nayo na kuitupia WhatsApp. Nauliza kwa nia njema: watu bado wanazihitaji?

#22 BintiTukuyu

Wanazihitaji. Bibi yangu hana simu ya picha. Kadi ya kipaimara cha mdogo wangu ameichomeka kwenye fremu ya kioo, ni mwaka wa tano. Ya WhatsApp angeichomeka wapi?

#23 Iringa_Mshindo

Na biashara ya kadi ilianza kwa sababu ya posta, Wamarekani ndio waliobuni kadi za Krismasi.

#24 Mwl_Kihesa

Mshindo leo una siku mbaya. Ni Uingereza, 1843. Henry Cole alimwagiza mchoraji John Callcott Horsley, zikachapwa London na kupakwa rangi kwa mkono. La posta uko sahihi, gharama ya barua Uingereza ilishushwa hadi peni moja 1840, ndipo watu wa kawaida wakaanza kutumiana. Marekani jina kubwa ni Louis Prang wa Boston, ila huyo ni miaka ya 1870. Mhuri wa mpira nao ulingoja Charles Goodyear agundue namna ya kuimarisha mpira kwa salfa na joto, hataza yake ni ya 1844. Kabla ya hapo mpira ulikuwa unayeyuka kiangazi na kukakamaa baridi ikija.

#25 Makambako_Stendi

Tukirudi kwenye karatasi: kwa nini hatutumii kaki? Kiwanda kipo hapo Mgololo, Mufindi, misonobari ya Sao Hill tunaiona barabarani. Kaki inakunywa wino, ina nguvu, na mhuri mweusi au mweupe juu yake unapendeza sana.

#26 MzeeWaSteshenari

Kaki nzuri, ila ni laini mno kusimama yenyewe kama kadi, lazima ubandike juu ya manila. Na ukibandika kwa gundi ya maji siku ya mvua, kaki inatanuka, ikikauka inavuta, kadi inapinda kama kigae. Tumia gundi ya stiki, na uilaze chini ya vitabu.

#27 KadiZaUyole

Nimerudi na matokeo. Jana usiku nimefanya jaribio kama mlivyonielekeza: manila ya zamani, manila mpya, na kaki ya Makambako_Stendi. Kila moja nimegonga kwa pedi yangu, na kwa pedi nyekundu niliyoazima kwa karani jirani. Vipande sita, nimeviandika namba nyuma, nikavigusa kwa tishu kila baada ya nusu saa.

Manila ya zamani: nyekundu imeshika papo hapo, kijani changu baada ya nusu saa. Kaki: zote mbili zimeshika ndani ya nusu saa. Manila mpya: nyekundu imechukua saa tatu, kijani mpaka asubuhi hii bado. Lakini nilipogeuza manila mpya na kugonga upande wa nyuma usiong'aa, kijani kimeshika kwa saa moja! Nimezoea kugonga upande unaong'aa kwa sababu unapendeza, sikuwahi kujaribu mgongo wake.

#28 MzeeWaSteshenari

Karatasi. Nilisema.

#29 FundiMhuri

Mzee, karatasi hiyohiyo moja imeshika nyekundu kwa saa tatu na kijani imekataa. Huo ni wino.

#30 Mwl_Kihesa

Jaribio ulilifanyia wapi? Sebuleni au jikoni?

#31 KadiZaUyole

Jikoni mwalimu, jiko la mkaa lilikuwa linawaka, ndiko kwenye taa nzuri.

#32 Mwl_Kihesa

Basi hukupima baridi wala unyevu. Rudia sebuleni, usiku, dirisha wazi. Siwezi kuwaachia mzee na fundi wagawane ushindi kwa jaribio la kando ya jiko.

#33 Mpiga_Chapa_Mstaafu

Na hakuna kipande kilichowekewa uzito juu. Hoja yangu haijaguswa kabisa.

#34 KadiZaUyole

Nitarudia Jumapili nikipumua, nawaahidi. Kwa sasa nagonga upande wa nyuma, poda ya mtoto ipo kwenye soksi, kadi zimetandazwa mpaka juu ya kitanda cha wageni na hakuna iliyofungwa. Zimebaki 31. Mama mwenye shughuli nimempigia, nimemweleza yote. Kaomba yake binafsi na ya bibi harusi ziwe na ule unga wa dhahabu.

Nyota_ya_Njombe, huo unga unaupata wapi? Na pasi yangu ina matundu ya mvuke, itafaa?

#35 Nyota_ya_Njombe

Itafaa, ila toa maji yote kwanza. Unga ninao kopo nusu, nakutumia kesho kwa basi la asubuhi. Anza na kipande kibovu, usianze na ya bibi harusi.